Mtu Huyo Hakai Hapa

Masharti ya kuomba uraia ni mengi, na Fundi Makochi aliyatimiza yote. Miaka ya kuishi nchini kama mkaazi wa kudumu aliifikisha, akapitiliza. Hakutoka nje ya mipaka hata mama yake alipofariki, kwa kuogopa kwamba safari ingemkatia hesabu. Alilia kwenye simu karakanani, amekaa juu ya kochi la mteja lisilo na kitambaa. Kodi alilipa. Mahakamani hakuwahi kukanyaga. Lugha ya nchi aliijua mpaka ile ya kutaniana, na historia yake aliisoma kazini, yeye akipigilia misumari na mwenzake akimuuliza maswali kutoka upande wa pili wa kochi, hadi bosi akataka kujua kama anawalipa kwa kushona au kwa kufanya mtihani. Kilichokuja kumponza hakikuandikwa katika sharti lolote. Hakuwa amewaambia majirani zake.

Usimcheke haraka. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa hofu, na mtu mwenye hofu huwa hasemi la maana mpaka wakati wake umepita.

Aliishi ghorofa ya tatu ya jengo lililochoka, lenye ngazi za saruji na taa ya ngazini iliyowaka siku ikijisikia. Aliishi na binti yake wa pekee, ambaye kila mtu alimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Mama yake Sindano alifariki mtoto akiwa bado hajaachishwa kubebwa mgongoni. Sasa Sindano alikuwa mwaka wa mwisho wa shule, na mwezi uliokuwa unakuja angetimiza miaka kumi na minane.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Sheria ilisema mtoto aliye chini ya umri huo huingia uraia pamoja na mzazi wake, kwa kiapo kimoja. Akishavuka, basi, mzazi ni wa huku na mtoto hana kwake. Kadi yake ya utegemezi hufa siku ileile anapotimiza umri huo, na akitaka kuomba lolote aombee nje. Nje penyewe ni nchi aliyoondoka akiwa mgongoni, ambako hana shangazi wala mjomba aliye hai, na lugha yake anaielewa pale tu anapogombezwa. Kwa nafsi yake Fundi angeweza kufa na kadi ya ukaazi mfukoni, wala asinung'unike. Aliomba uraia kwa ajili ya mtoto.

Sasa, jengo lile lilikuwa na desturi yake. Miaka ya nyuma kulikuwa na misako. Watu wa serikali walikuja asubuhi wamevaa nguo za kawaida, wana adabu zao, wanaulizia mtu. Mara ya kwanza walimkuta mpishi wa ghorofa ya pili, mtu mkarimu, aliyelelewa kwamba mgeni akiuliza njia humwonyeshi kwa kidole, unampeleka. Akawapeleka. Akawapandisha ngazi, akawabishia hodi yeye mwenyewe kwa rafiki yake, na rafiki huyo hakuonekana tena jengoni. Mpishi alihama mwezi uleule, na inasemekana tangu hapo hajamwelekeza mtu hata njia ya kwenda sokoni.

Jioni ya siku ile wapangaji walikusanyika ngazini, na aliyesimama akatoa shauri ni Fundi Makochi, ambaye enzi hizo kadi yake mwenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Alisema kuanzia leo mgeni akimuulizia mtu, mtu huyo hakai hapa. Hata kama amesimama nyuma yako anapiga mswaki. Watu walicheka, kisha wakakubali, na neno lake likashika kuliko sheria zote zilizobandikwa mlangoni na mwenye nyumba. Fundi alimfundisha binti yake kwa mchezo. Alikuwa akitoka nje, anagonga, ananguruma kwa sauti nzito, anauliza kama fundi wa makochi anakaa hapa. Na Sindano, hana meno mawili ya mbele, anainua pua na kusema hamjui mtu huyo. Fundi alikuwa akimnyanyua mpaka darini kwa furaha. Ndivyo alivyoujenga mtego wake, tofali kwa tofali, huku akicheka.

Mwalimu msaidizi katika mchezo huo alikuwa Bi Funguo wa mlango wa pili. Mama huyu, aliyekuwa anauacha utu uzima na kuuingia uzee, alikunja nguo kwa dobi mtaa wa nyuma, na kiunoni alining'iniza kamba yenye funguo za akiba za jengo zima. Ukijifungia nje, ni yeye. Fundi bomba akija wewe uko kazini, ni yeye. Mke wa Fundi alipokufa, Bi Funguo alivuka ule ukumbi mdogo baina ya milango miwili akamchukua mtoto, akamwogesha, akamlisha, akamchapa ilipobidi. Sindano alimwita Bibi. Fundi alimwita Mama. Kadi ya mama huyo ilikuwa imekufa zamani, siku ambayo tajiri aliyemdhamini alifunga biashara akapotea, na hakuwahi kupata nyingine. Jengo zima lilijua hilo na hakuna aliyelitamka.

Basi Fundi alipopeleka ombi lake la uraia alimaliza yote vizuri, akawa anainuka kitini, ndipo ofisa akaongeza jambo dogo. Mtu wao angepita nyumbani, siku yoyote, bila taarifa, kuhakikisha kwamba mwombaji anaishi kweli pale alipoandika.

Njia nzima ya kurudi Fundi alijiona amesimama ngazini akiwaambia watu kwamba ameialika serikali ije ipande ngazi zao. Nusu ya watu wa jengo lile walikuwa wanaishi kwa kujificha. Aliwaona wakimwangalia. Alimwona Bi Funguo akimwangalia. Akaamua kunyamaza, akiomba yule mtu aje Jumapili, wakati yeye yuko nyumbani, amfungulie mwenyewe, yaishe kimya kimya. Hakukumbuka kwamba watu wa ofisi hufanya kazi siku za kazi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Fundi msemo huo aliujua tangu utotoni, tena alikuwa akiwaambia wenzake.

Toka siku hiyo hakuwa na raha. Kiatu chochote kilichopanda ngazi alikihesabia ni cha mtu wa serikali. Kazini mashine ya kupiga pini ikilia alishtuka, yeye aliyeishika nusu ya maisha yake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Siku moja aliandika jina lake kwenye kipande cha karatasi akakibandika mlangoni, angalau mgeni apate pa kuanzia. Bi Funguo alipopita akakisoma akamuuliza kama ameanza kuchanganyikiwa. Fundi akakibandua.

Kisha ikaja ile jioni. Alirudi kazini ana vumbi la sponji kichwani, akamkuta Bi Funguo amemsubiri juu ya ngazi, mikono kiunoni, uso unang'aa. Sindano alikuwa bado hajarudi kutoka shule.

"Leo ungechukuliwa, Fundi," alisema. "Shukuru Mungu ulikuwa kazini na mimi nilikuwa hapa."

Fundi aliuliza ni nani aliyekuja, ingawa alikwisha kujua.

Bi Funguo alilieleza jambo lote kwa raha, hakuacha kitu. Kijana mmoja, shati limepigwa pasi, faili kwapani. Alitaja jina la kwenye kadi, lile wanalolisoma shuleni kwa Sindano, na alikuwa na picha ya Fundi ametoa macho. Bi Funguo akaitazama picha kwa utulivu, akasema mtu huyo hakai hapa, wala hajawahi kukaa, na yeye pale ni mwenyeji wa siku nyingi. Kijana akauliza mara ya pili. Akajibiwa vilevile. Akashuka akamgongea Mlinzi wa ghorofa ya pili, aliyekuwa amelala kwa sababu ya zamu, naye akasema hamjui bila hata kufumbua macho vizuri. Akagonga ghorofa ya kwanza kwa mama wa mapacha, huyo naye akakana na watoto wake wakakana. Kijana akaandika, akaenda zake.

"Hakuna aliyetetereka hata mmoja," alisema Bi Funguo. "Nimekuokoa, mwanangu."

Fundi alikaa kwenye ngazi. Mama akadhani ni woga wa kawaida, ule wa mtu aliyeponea, akamletea maji. Fundi akayanywa yote, akaiweka bilauri chini.

"Mama," alisema, "yule kijana nilimwita mimi."

Ilimbidi aseme mara mbili. Alieleza ombi la uraia, alieleza ukaguzi, alieleza siku ya kuzaliwa ya Sindano. Bi Funguo alisikiliza amesimama, na ule mng'ao wa uso ukamtoka kidogo kidogo. Hakumuuliza kitu kuhusu sheria. Alimuuliza moja tu, kwa sauti ya chini, kwamba alimwita mtu wa serikali mpaka mlangoni kwake na hakumwambia? Mama akachukua bilauri yake akaingia ndani akafunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mwenzake akiwa bado nje.

Kulipokucha jengo zima lilijua. Mama wa mapacha alihama alfajiri iliyofuata, magodoro kichwani, watoto wamefungwa vilemba kwa baridi, hakuaga mtu. Wengine walibaki, lakini salamu zilikatika. Fundi alipanda na kushuka katikati ya milango iliyofungwa upesi, na vitasa vikilia nyuma yake. Hakuwalaumu. Kama angekuwa ni mwingine aliyefanya alilofanya yeye, angekuwa wa kwanza kufunga.

Haukupita muda akaitwa ofisini. Ofisa alikuwa mama wa rika lake, ana mafua, meza yake imejaa karatasi za kupengea. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtisha Fundi zaidi, maana mtu mbaya unaweza kumlaumu. Alimsomea alichoandika yule kijana: wakaazi watatu, kila mmoja peke yake, wamesema mwombaji hajawahi kuishi katika jengo hilo. Akamweleza taratibu kwamba sharti la kwanza kabisa ni kuishi, na mtu ambaye anwani yake imekanwa na majirani hawezi kuambiwa ameishi.

Fundi alijieleza. Alisimulia desturi ya jengo, alisimulia mpishi, alisimulia mpaka mchezo wa mlangoni. Ofisa alisikiliza yote akifuta pua.

"Kwa hiyo unaniambia jengo zima huwadanganya maofisa wa serikali?" aliuliza. "Kwa nini? Wana nini cha kuficha?"

Fundi aliona wazi kwamba neno moja zaidi lingeufikisha msako ngazini, na yeye ndiye angekuwa ameubishia hodi. Akasema labda watu waliona haya tu. Ofisa akamtazama kidogo, akaliacha.

Bili za umeme hazikumsaidia, zilikuwa kwa jina la mwenye nyumba, na mwenye nyumba hakutaka kusikia habari ya kuhesabiwa wapangaji wake. Barua ya shule haikumsaidia, kwa kuwa anwani yoyote huandikwa na mzazi mwenyewe. Ofisa alisema maneno yale yalisemwa na watu, na ni hao hao wanaoweza kuyafuta. Hata mmoja angetosha. Lakini aje mwenyewe, na kitambulisho mkononi, kabla ya mwisho wa wiki ijayo. La sivyo faili litafungwa na mwombaji atasubiri mwaka mzima ndipo aombe tena.

Mwaka mzima. Fundi alitoka pale akiwa hasikii magari barabarani.

Alianza na Mlinzi. Alimsubiri mpaka alipoamka, akamweleza mlangoni, akamsihi kwa jina la watoto wake. Mlinzi hakumfokea, ingekuwa afadhali. Alisema, "Kaka, nikienda kusema nilidanganya, mimi ndiye niliyevunja sheria, si wewe. Kadi yangu inaisha mwaka huu. Utanilishia wanangu?" Fundi akasema amemwelewa, na kweli alikuwa amemwelewa. Mama wa mapacha alimtafuta mitaa mitatu, lakini kila alikouliza watu walimwambia hawamjui mtu huyo.

Akabaki Bi Funguo. Naye Fundi hakumwendea. Mama asiye na kadi akiingia kwenye jengo la wenye kadi kudai kwamba alimdanganya mtu wao, atatokea mlango gani? Jioni mezani Sindano aliuliza, "Na Bibi je?" kisha akajijibu mwenyewe kabla baba hajameza tonge, kwamba Bibi asiambiwe. Walikubaliana hivyo, baba na mtoto, bila kutazamana. Baadaye, wakati wa kuosha vyombo, Sindano akamuuliza baba yake, kwa lugha ya kwao mtu anasemaje "sina mwenyeji." Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejiandaa na somo la kesho. Fundi alimwambia. Mtoto akalirudia mpaka likamkaa mdomoni, na Fundi akaenda kusimama dirishani ili asionekane uso.

Siku ya mwisho alikwenda ofisini peke yake kuomba muda. Alijua hatapewa. Alikwenda kwa sababu kukaa nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki ngumu kilichofungwa sakafuni kwa boliti, katikati ya watu waliokumbatia bahasha zao, na kila mlango ulipofunguka aliinuka nusu. Alipoitwa mbele ya yule ofisa mwenye mafua, hotuba yote aliyoipanga njiani ilimtoka. Alisema tu kwamba hana shahidi na ana mtoto.

Ofisa alikuwa anafungua mdomo kumjibu pale Bi Funguo alipoingia.

Alikuwa amevaa gauni lake la heshima, lile la harusi na misiba, na kichwa amekifunga vizuri. Ile kamba ya funguo haikuwepo kiunoni. Fundi hakuwahi kumwona bila hiyo kamba, na kwa nukta moja alimdhania mtu mwingine. Baadaye alikuja kujua kwamba Mlinzi ndiye aliyemwambia mambo yote ngazini, na kwamba mama huyo alimwachia Mlinzi funguo zote azitunze. Pale ofisini Bi Funguo alipita katikati ya viti, akafika mezani, akasema amekuja kwa habari ya Fundi Makochi.

Ofisa alimgeukia Fundi. "Huyu ndiye shahidi wako?"

Mlangoni alisimama askari wa zamu, kidole gumba kwenye mkanda. Mkono wa ofisa ulikuwa umekwisha kunyooka juu ya meza, kiganja juu, ukingoja kitambulisho. Fundi aliuona ule mkono, akamwona na Bi Funguo akifungua pochi yake kuukuu, na hofu aliyokuwa nayo kwa ajili ya binti yake na hofu aliyokuwa nayo kwa ajili ya mama huyu zikakutana kifuani pamoja.

"Hapana," alisema. "Simfahamu mama huyu. Nadhani amekosea ofisi."

Lilimtoka laini, bila kukwama. Alikuwa na mazoezi ya miaka. Akainuka, akamshika Bi Funguo kiwiko, akasema atamwonyesha njia, akamtoa mbele ya yule askari, ambaye aliwafungulia mlango kwa heshima zote.

Nje jua lilikuwa kali na watu wanapita na shughuli zao. Bi Funguo alikichomoa kiwiko chake.

"Umenikana," alisema.

"Mama, ungeitoa ile kadi mezani usingetoka."

"Nani amekwambia nimekuja nikitaka kutoka?"

Fundi alijaribu kumtuliza, akamwambia watapata njia nyingine, wanasheria wapo. Yalikuwa maneno tu, na wote wawili walijua. Bi Funguo alimwacha akamaliza. Kisha akasema maneno yale aliyasema yeye, kwa mdomo wake, tena akajisifu nayo. Maji yakimwagika hayazoleki, sawa, lakini haya alikuwa ameambiwa yanazoleka, na anayeweza kuyazoa ni yeye peke yake. Sasa akae kule kwa dobi akunje nguo za watu huku mtoto anapandishwa ndege?

"Usijifanye yule mtoto ni wako peke yako," alisema. "Umenificha ombi, nikasamehe. Leo unanificha na mtoto."

"Watakuchukua, Mama."

"Labda watanichukua." Akaifunga pochi yake. "Unafikiri mimi siogopi? Tumbo limeniharibika tangu alfajiri. Nimesimama hapo nje ya geti mpaka muuza maji akaniuliza kama naumwa. Naogopa, Fundi. Lakini yule mtoto ataogopa zaidi kuliko mimi, na hana umri wa kuizoea hofu."

Akageuka kurudi. Fundi akamshika gauni begani, bila kufikiri. Bi Funguo hakumkemea. Alivitoa vidole vyake kwenye kitambaa kimoja kimoja, akamwambia aingie au abaki, hiari yake, lakini asimchanie gauni kwa sababu analo hilo tu. Akapanda ngazi za mbele za ofisi, mkono kwenye ukuta.

Ilikuwapo nafasi ya kubaki. Angeweza kukaa pale barabarani, asione. Fundi mwenyewe alikiri baadaye kwamba miguu yake ilipenda hivyo. Lakini askari alikuwa bado ameushikilia mlango, akidhani wako pamoja, na Fundi akaona aibu ya kumwambia hawako pamoja. Akaingia.

Ofisa alipowaona hakuonyesha mshangao. Alisogeza karatasi zake za mafua pembeni.

"Umerudi, mama."

"Nimerudi," alisema Bi Funguo. "Kijana wenu alipokuja kwetu na faili, aliyemwambia mtu huyu hakai pale ni mimi. Nilidanganya. Anakaa. Mlango wake na wangu inatazamana. Mtoto wake nimemlea mimi mpaka alipofika. Mwite kijana wenu, atanikumbuka."

Ofisa alichukua kalamu. Hakuandika bado. Alimtazama Fundi, ambaye muda mfupi uliopita alikuwa amesimama palepale akikana.

"Na wewe? Bado humfahamu?"

"Namfahamu," alisema Fundi. "Ni jirani yangu. Mke wangu alipokufa, ni yeye aliyenishika. Namfahamu kuliko ninavyomfahamu mtu yeyote aliye hai."

"Vizuri. Anaitwa nani?"

Fundi alifungua mdomo. Swali lilikuwa rahisi kuliko yote waliyowahi kumuuliza mle ndani. Katika jengo lao watu hawakuulizana majina, kwa kuwa jina usilolijua hata ukibanwa huwezi kulitoa, na hilo nalo lilikuwa shauri lake mwenyewe. Alitafuta katika miaka yote ile, katika bakuli za uji zilizovuka ukumbi, katika homa za mtoto, katika usiku wa kumkesha marehemu mkewe. Alimpata Mama. Alimpata Bibi wa Sindano. Alimpata Bi Funguo. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu, na kalamu ya ofisa ilikuwa inangoja.

Bi Funguo aliweka kadi yake iliyokufa juu ya meza. Kisha akamsaidia. Akayataja majina yake yote matatu, polepole, moja moja, ili ofisa asikosee kuandika.